Jina Ambalo Njogu Hakutaka Liandikwe

Waruguru alisuka viondo katika soko la Kariokor tangu Wangeci, mtoto wake wa pekee, alipokuwa wa kubebwa mgongoni, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumuuliza kama ana mume. Lilikuwa jambo la kujionea. Jioni Njogu alipotoka kiwandani Industrial Area, akinuka magadi ya sabuni hata baada ya kuoga, alipitia sokoni, akauweka mzigo wa mkonge begani bila kusema neno, akatangulia kuelekea nyumbani, mtaa wa Bahati. Waruguru alimfuata hatua chache nyuma. Washona viatu vya matairi walizoea kuwatania: "Mzee amekuja kuchukua bibi arusi!" Njogu hakuwahi kucheka wala kukasirika. Aliuhamisha mzigo bega la pili na kuendelea.

Alipostaafu aliendelea kuja vilevile, saa ileile, ingawa sasa hakuwa na kiwanda cha kutokea. Na jambo jingine hakuliacha. Kila mwezi alikwenda mwenyewe kulipia bima ya hospitali ya serikali, ile ambayo zamani ilikatwa kwenye mshahara. Wenzake waliostaafu naye waliona ni upuuzi. "Unamlipia daktari ambaye hujamwona?" walimwambia. Yeye alisema mvua haingojewi inyeshe ndipo mtu aezeke.

Mvua ilikuja mwaka wa themanini na moja, na haikumnyeshea yeye. Tumbo la Waruguru lilianza kujaa upande mmoja. Mwanzoni alilifunga kwa leso na kuendelea kusuka. Kisha akawa hawezi kuinama kuokota uzi ulioanguka. Alipokubali kwenda kupimwa katika hospitali ya umma, daktari alimbonyeza kwa muda mrefu, akanawa mikono kwa muda mrefu zaidi, akasema ni lazima apasuliwe, na upesi. Lakini hospitali ile ilikuwa na foleni ya kutisha. Daktari aliwaelekeza kwenye hospitali ya misheni iliyokuwa upande wa pili wa mji, ambako vitanda vilipatikana kwa mwenye kadi ya bima.

"Kadi ipo," Njogu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kwa uso wake kulegea.

Asubuhi iliyofuata walivaa nguo za kanisani. Kwenye dirisha la hospitali ya misheni kulikuwa na karani msichana, mpole, aliyewaita baba na mama. Aliichukua kadi akaenda nayo ndani kuuliza kwa simu. Waruguru alikaa kwenye benchi akiwa amejishika ubavu. Alikuwa karibu, na kila neno lilimfikia.

"Baba, kadi ni yako na imelipiwa sawasawa," msichana alisema aliporudi. "Lakini mgonjwa si wewe."

"Ni huyu hapa."

"Huyu ni nani wako?"

Njogu alimtazama msichana kana kwamba ameulizwa swali la matusi.

"Nakuuliza kwa sababu wameangalia jalada lako," msichana aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Siku ulipoandikishwa uliulizwa kama una mke, ukasema huna. Watoto, ukasema huna. Imeandikwa huna mtu."

Waruguru alingoja mumewe acheke, au agombe, au aseme kuwa karani wa zamani alikosea. Njogu hakufanya hata moja. Aliitia kadi kwenye mfuko wa koti, akaja kumwinua pale kwenye benchi. Waruguru aliuondoa mkono wake akainuka peke yake.

Walirudi Bahati. Ule mfuko wa nguo za kulalia, ambao Njogu alikuwa ameubeba walipokwenda, Waruguru aliubeba mwenyewe, upande wa ubavu unaouma.

*

Sokoni, jirani yake wa miaka mingi alikuwa Qamar, mjane wa Kisomali kutoka Eastleigh aliyeuza vitambaa. Watu walimwita Mama Abukar. Alikuwa mtu wa maneno mengi na subira kidogo, na hakuweza kuona mtu amenyamaza akamwacha.

"Mama Wangeci, leo ni siku ya tatu unasuka kiondo kimoja. Unamsukia nani, mfalme?"

Waruguru alimweleza. Hakutaka, lakini maneno yalitoka yenyewe, na alipofika kwenye "huna mtu" uzi ulimponyoka.

Qamar alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Huyo ana mwingine," alisema. "Ameficha mwanamke mahali."

"Baba Wangeci? Hata viatu vyake huwa hajui viko wapi mpaka nimwonyeshe."

"Ndio wanaoficha vizuri hao. Mungu anisamehe. Sawa, pengine hana. Lakini wewe kwanza upate kitanda, halafu tutamgombeza ukiwa umelala kwenye shuka safi. Unamjua Andati?"

Hakumjua. Patrobas Andati, Qamar alieleza, alikuwa karani wa waajiriwa katika kiwanda cha rangi mpaka alipostaafu. Sasa kila Jumatano alikaa katika ukumbi wa mtaa akiwasaidia wazee mambo ya bima: nani anaruhusiwa, nani aandikwe, aende ofisi gani, aseme nini. Alikuwa amemsaidia shemeji yake Qamar, Burale, aliyekuwa amezungushwa mpaka kizunguzungu.

"Anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu, Mama Abukar."

"Chai anataka. Hiyo anaitaka sana. Zaidi ya hapo, nimemjaribu kwa shuka nzuri ya maua, akaniambia nikaiuze."

Basi Jumatano Waruguru alikwenda, Qamar akiwa amemwachia jirani duka lake ili amsindikize. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa baridi, na wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbao kama waliongojea ibada ianze. Andati alikaa mwisho kabisa, chini ya ubao wa mchezo wa vishale. Alikuwa mtu mrefu mwenye kikohozi, na alimwamkia kila mtu kwa kusimama, hivyo kila mtu alimfanya akohoe.

Alimsikiliza Waruguru, akaichezea kalamu.

"Mama, jambo lako si gumu. Mke yumo ndani ya kadi ya mumewe. Kinachotakiwa ni aandikwe tu. Mlifunga ndoa kanisani?"

"Ya kimila. Mbuzi wa ngurario alichinjwa, watu wakala. Kanisani tulibarikiwa baadaye."

"Mbuzi hatoi cheti," Andati alisema, na yeye mwenyewe akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Hapo anaingia chifu. Mzee atasimama mbele yake aseme: huyu ni mke wangu, jina lake ni hili. Mimi nitaandaa maneno, chifu atagonga muhuri, tutakwenda. Wanaume wengi hapa walisahau kuwaandika wake zao. Walikuwa vijana, walidhani hospitali ni ya watu wengine."

"Hakusahau," Waruguru alisema.

Andati alimtazama, kisha akamtazama Qamar, aliyekuwa akitazama dari.

"Basi aje yeye mwenyewe Jumatano ijayo."

Walipokuwa wakitoka, Waruguru aligeuka. "Mzee, kwa nini unafanya hivi bure?"

"Ofisini nililipwa mshahara kuwaambia watu hapana," Andati alisema. "Nimebakiwa na ndiyo nyingi, mama. Sijazitumia."

*

Jumatano iliyofuata Njogu alikuja. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti, akakaa mbele ya meza mikono ikiwa juu ya magoti. Andati aliuliza jina lake akajibu. Aliuliza kazi aliyofanya akajibu. Kisha Andati alilowesha ncha ya kidole, akafungua ukurasa mpya.

"Jina la mke?"

Njogu aliitazama kalamu. Andati alidhani hakusikia, akarudia kwa sauti. Wazee waliokuwa nyuma wakaacha kuzungumza. Njogu alifungua mdomo, na Waruguru, aliyekaa kando yake, akamwona akiufunga tena. Neno halikutoka.

"Mzee amesahau jina la bibi!" mtu mmoja alisema kutoka kwenye viti, na ukumbi mzima ukacheka.

Njogu alisimama, akavaa kofia, akatoka.

Yapo mambo ambayo mwanamke huyavumilia kwa sababu yako ndani ya nyumba. Hili lilitendeka mbele ya mtaa. Waruguru alirudi nyumbani polepole, akitembea kwa kushika kuta, na alipofika alichukua kiondo kikubwa akaanza kutia nguo zake. Njogu alikuwa amekaa mlangoni, mahali palipokuwa na mwanga.

"Unakwenda wapi?"

"Murang'a. Kwa ndugu zangu. Kama ni kufa, nikafie kwa watu wanaojua mimi ni nani. Wewe kaa hapa na huyo unayemficha."

"Nani?"

"Mimi nitajua? Yule ambaye jina lake hutoka mdomoni bila kukukaba."

Inaonekana mpaka saa ile Njogu hakuwa amefikiria kwamba mkewe angewaza hivyo. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyezuia mlango usiku kucha halafu akagundua moto uko ndani.

"Hakuna mtu," alisema. "Keti, Mama Wangeci."

"Nikiketi sitaweza kuinuka."

"Basi simama unisikilize. Unamjua baba yangu alikuwa mtu wa aina gani?"

Hakumjua. Aliolewa mzee akiwa ameshakufa.

"Alikuwa mtu mkweli kupita kiasi," Njogu alisema. "Kwetu mtu hahesabiwi. Hata mbuzi hawahesabiwi kwa kidole, unawatazama tu wakiingia zizini, unajua kama mmoja hayupo. Hilo baba alilijua. Lakini siku za hali ya hatari, serikali ya mkoloni ilipotuhamishia kwenye kile kijiji kilichozungushiwa seng'enge, kulikuwa na meza, na mtu mwenye kalamu. Akamuuliza: una wana wangapi? Baba akasema watano. Akatutaja, mmoja baada ya mwingine, na majina yetu yakaandikwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilikuwa nikitazama kalamu."

Nje, mtu alikuwa akiita watoto waje wachukue maji.

"Askari walitujia kwa majina yale. Hawakutafuta, walisoma tu. Leo huyu, wiki nyingine yule. Nilikuwa wa mwisho. Aliyerudi ni mimi."

Waruguru alijua kwamba mumewe aliwahi kuwa na ndugu. Alijua walikufa. Katika nyumba yao jambo hilo lilikuwa kama kaburi ambalo watu hulizunguka wakipita, na yeye aliliheshimu, akalizunguka.

"Nilipoandikwa kazi kiwandani," Njogu aliendelea, "kulikuwa na meza, na mtu mwenye kalamu. Akaniuliza: una mke? Nikamwona baba. Nikasema sina mtu."

"Ulinificha."

"Nilikuficha wewe na mtoto. Nilikuficha vizuri." Alisema hivyo bila majivuno, kama fundi anayetaja kazi yake.

Waruguru alicheka. Hakujua kicheko kilitoka wapi, maana ubavu ulikuwa ukiwaka. Alicheka huku amejishikilia kwenye kitanda, na machozi yakamtoka.

"Kifo hakijui kusoma, Baba Wangeci."

"Kinajua," Njogu alisema. "Nilikiona kikisoma."

Waruguru alitoa nguo moja kwenye kiondo, akaikunja, akaiweka kitandani. Baadaye akatoa nyingine.

Walikaa hivyo mpaka mwanga wa mlangoni ukapungua. Waruguru alikuwa mtu wa kuomba, na siku hizo aliomba zaidi kuliko kula, lakini jioni ile alipofumba macho hakuomba apone. Alijikuta akimwombea kijana aliyesimama mbele ya meza akitazama kalamu, ambaye hakumjua, na ambaye alikuwa ameishi naye miaka yote hiyo.

"Nitakuambia jambo moja," alisema mwishowe. "Usiponiandika nitakufa, na nitakufa kama mtu aliyeokotwa. Ukiniandika pengine nitakufa. Lakini watakaponiuliza wewe ni wa nani, nitakuwa na la kusema."

Asubuhi Waruguru alimkuta Njogu amepiga magoti kando ya kiti, kofia mkononi, na hakuonekana kama mtu aliyelala.

*

Njogu hakungoja Jumatano. Aliuliza nyumba ya Andati, akaikuta Kaloleni, na Andati alitoka na chai mkononi. Waruguru alikuwepo, ameegemea bega la Qamar. Hapo mlangoni Njogu alivua kofia akasema jina la mkewe, lote, na la baba yake, kwa sauti kama ya mtu anayeungama mauaji. Andati alitaka kuuliza jambo, akaona uso wa Waruguru, akaacha. Aliweka kikombe chini, akaandika akiwa amesimama.

"Na watoto?"

"Binti ameolewa. Ni wa watu wengine," Njogu alisema haraka. "Huyu tu."

"Huyu tu," Andati alikubali.

Kuanzia hapo Andati aliyachukua mambo mikononi mwake. Alikwenda nao kwa chifu, akaongea pale walipotakiwa kungoja. Alikwenda nao ofisini, akawasalimu makarani kwa majina ya watoto wao. Walipozungushwa, alikohoa kwa nguvu mpaka mtu akaja kuwahudumia ili amwondoe. Siku Waruguru alipolazwa, yule msichana wa dirishani alisoma, akatabasamu, akasema, "Mke wa Njogu, karibu." Waruguru aliona mabega ya mumewe yakishtuka.

Kitanda kilikuwa safi, kando ya dirisha. Walimpasua.

Hakuambiwa walichokuta. Alijua kwa namna muuguzi alivyomfunika, akizichomeka pembe za shuka polepole mno, na kwa namna Wangeci, aliyekuja kutoka Nakuru, alivyomwambia anaonekana vizuri. Daktari alikuwa amefungua akafunga. Walichelewa, alimwambia Wangeci kwenye ujia. Si kwa wiki, kwa miezi mingi.

Waruguru hakuogopa sana. Alikuwa na Mungu wake, na walikuwa wamezungumza. Lililomnyima usingizi lilikuwa lingine. Kila saa ya kutazama wagonjwa Njogu alisimama kwenye mlango wa wodi, kofia mkononi, asiingie mpaka aitwe. Alimtazama kama alivyoitazama ile kalamu. Waruguru aliona wazi alichokuwa anafikiri: nilimficha miaka yote akaishi, nikamwandika mwezi mmoja anakufa.

"Njoo ukae," alimwambia. "Nisikilize. Huu uvimbe niliujua tangu mvua za mwaka juzi. Niliufunga kwa leso. Sikukuambia, wala sikumwambia Mama Abukar. Ulikuwepo kabla ya Andati. Kabla ya kalamu. Unanisikia?"

"Ndiyo."

"Unaniamini?"

"Ndiyo," Njogu alisema, kwa upole, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa.

Waruguru alifumba macho. Alikuwa amechoka, na maneno yalikuwa yamekwisha. Kwenye kitanda cha jirani mwanamke alikuwa akilalamika kuwa uji ni wa maji. Waruguru alitafuta mkono wa mumewe juu ya shuka, akaushika.

"Niite," alisema.

"Niko hapa."

"Si hivyo. Niite kwa jina. Hujawahi. Ulimwambia Andati, mimi hujaniambia."

Mwanamume wa rika lake hamwiti mkewe kwa jina; yeye ni mama wa fulani mpaka kaburini. Njogu alitazama kulia na kushoto. Alilisema kwa mnong'ono.

"Naam," Waruguru aliitika.

Walingoja wote wawili. Muuguzi alipita akisukuma kigari cha dawa, gurudumu moja likilia. Hakuna mtu aliyekuja.

"Tena," alisema.

*

Alikufa Jumamosi alfajiri, Wangeci akiwa kando yake. Hospitali haikuwadai kitu, na kanisa la Bahati lilimzika Lang'ata kwa heshima. Akina mama waliimba, na mchungaji akasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Njogu alisimama hapo akiwa na kofia mkononi. Mtu mmoja alipomkaribia kumuuliza marehemu ameacha wajukuu wangapi, ili idadi yao isomwe, alimgeuzia mgongo.

Qamar alikuja kumtazama siku chache baadaye na birika la chai ya tangawizi. Alimkuta amekaa mlangoni. Mama Abukar alikaa kando yake, akamimina chai.

"Mzee, usijiadhibu," alisema hatimaye. "Saa yake ilikuwa imefika. Sisi tunasema siku ya mtu imeandikwa kabla hajazaliwa. Si wewe uliyeandika."

Njogu alikizungusha kikombe mkononi. Chai hakuinywa.

"Nilikuwa nikimwita kwa jina," alisema. "Mpaka waliponitoa wodini. Kila nilipomwita, aliitika."